Mashine Iliyoniita Mweupe

Mama yangu alizaa wavulana wawili, na hatukufanana hata kwa kusingiziwa. Baba yangu mimi alikuwa mzungu, fundi wa migodi aliyekaa Kolwezi muda wa kutosha kunizaa na mfupi mno kunijua. Aliondoka kabla sijaanza kutembea. Mama akaolewa na mwanamume wa kaskazini mwa Katanga, Mluba mweusi tii, dereva wa lori, mpole, ambaye alinibeba mabegani katikati ya mtaa wetu wa Dilala bila kujali nani anacheka. Huyo ndiye ninayemwita tata, yaani baba, Mungu amrehemu. Mdogo wangu ni mwanawe wa damu, na alirithi rangi yake na ile namna yake ya kucheka akiwa amefumba macho. Kimo tu ndicho tulichotoka nacho sawa, mimi na yeye, kwa sababu hicho kilitoka kwa mama.

Nimeitwa mzungu maisha yangu yote na sijawahi kula chochote cha uzungu huo. Sokoni huniongezea bei. Polisi akiniona nimekaa nyuma ya teksi-moto anaisimamisha pikipiki, anamwacha dereva, ananiuliza mimi karatasi. Mdogo wangu alikuwa mtani wangu wa kwanza. Bati likivuja alikuwa akiniambia, "Muzungu, piga simu kwenu batutumie bati ingine." Namjibu kwamba kwetu ni kwa mama yake, akamwombe yeye. Mama alikuwa akitusikia kutoka jikoni na kutuita wapumbavu wote wawili, kwa usawa kabisa.

Tuliingia kazini pamoja, upande wa Musonoi, kwenye mtambo wa kusaga mawe ya madini. Kampuni sitaitaja. Wa hapa wanaijua, na wasio wa hapa jina lake halitawasaidia kitu. Jiwe linaingia kubwa kama mbuzi, linatoka kokoto, na kilichobaki katikati kinapanda hewani na kuingia puani. Barakoa zilikuja kwa msimu, kama kumbikumbi. Tulikuwa tukirudi nyumbani wote wawili tuna rangi moja, ya kijivu, na hapo ndipo mama alipokuwa akisema hatimaye amepata watoto wanaofanana.

Kikohozi kilituanza kwa pamoja. Changu kilikuwa kibaya, chake kilikuwa kibaya zaidi, ila yeye alikuwa fundi wa kukificha. Tukipanda ile barabara ya kwenda nyumbani alikuwa akisimama njiani, anatoa simu na kujifanya anasoma ujumbe. Hakuna mtu aliyemtumia ujumbe. Nilikuwa nasimama naye, natazama pembeni, nikisubiri kifua chake kitulie. Ana watoto wadogo, mke wake anauza unga wa mahindi mbele ya nyumba, na mtambo ndio uliowalisha. Nilijua anachokiogopa. Mimi nilikuwa naogopa kingine, kwamba nitamzika, na ninasema wazi kwamba tangu wakati huo sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa mdogo wangu atoke kwenye lile vumbi.

Kisha wakaja watafiti. Walikuwa madaktari wa mapafu, wengine wa kwetu, wengine wa ng'ambo, na swali lao hata mimi niliona ni la haki: vumbi lile lile linawafanya nini watu wa asili tofauti? Mgodini kulikuwa na Wachina, Wahindi, wazungu wachache, na sisi wengi. Wageni wanalala mahali pao, wanakula chakula chao, maji yao yanakuja kwa lori. Sisi tunalala mitaa ya Kasulo na Musonoi, juu ya mashimo ya wachimbaji. Watafiti walitaka kujua tofauti inaanzia wapi na kuishia wapi. Kampuni ikakubali, tena ikaahidi kwamba yeyote ambaye mashine itamkuta na mapafu mabovu atahamishwa mbali na mtambo. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Niliona mlango umefunguka.

Lakini lazima nieleze neno moja, maana lilituponza. Hapa kwetu daktari wa kampuni akishakupima anasema neno la Kifaransa: apte, yaani unafaa kazi. Tangu enzi za babu zetu migodini, aliye apte anakula, na asiye apte anakabidhi kofia yake ngumu mlangoni na kwenda kulima mihogo. Ahadi za kuhamishwa tulikuwa tumeshazisikia. Kwa hiyo siku ya kupimwa kila mtu kwenye foleni alikuwa akiomba jambo moja tu, aonekane mzima, na mama huko nyumbani alikuwa amefunga kula kwa ajili hiyo hiyo. Mimi peke yangu nilikuwa naomba mdogo wangu akutwe mgonjwa.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi redio. Ina bomba lenye mdomo wa karatasi ngumu, na unabanwa pua kwa kibanio. Aliyeiendesha alikuwa nesi kijana, binti wa hapa hapa mjini, mwenye adabu. Kabla ya kupuliza alikuwa akiingiza miaka yako, kimo chako, kama ni mwanamume au mwanamke, na mwisho mashine ilikuwa ikitaka kujua asili. Alipofika hapo kwangu aliinua macho, akanitazama, akaitazama skrini.

"Tata, unisamehe. Hapa inalomba ngozi. Nitie nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mdogo wangu, nyuma yangu, akapaza sauti, "Tia muzungu! Mashine ni ya baba yake!"

Nilimwambia nesi achague apendavyo, mimi nimeshazoea. Mashine haikuwa na nafasi ya mtu kama mimi. Akafikiri kidogo, akanitazama tena ngozi, akabonyeza mweupe. Kisha akaanza kupiga kelele kama wanavyofundishwa, "Vuta pumuzi yote! Sasa puliza! Puliza, puliza, puliza, hapana kuachia!" Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Baada yangu akaingia mdogo wangu. Nesi hakumuuliza ngozi, alibonyeza tu mweusi. Tulipotoka tulilinganisha, kama tulivyokuwa tukilinganisha kila kitu tangu utoto. Nesi alikuwa ametutajia kiasi cha hewa tulichotoa. Tulikuwa karibu sawa, yeye kidogo chini yangu. Nilimtania kwa hilo, na moyoni nikashukuru, maana nilijua kama mimi nimeanguka basi na yeye ameanguka.

Majibu yalisomwa na msimamizi wetu uwanjani. Mimi: sifai tena kwa vumbi, nihamie ghala la vipuri. Mdogo wangu: apte, arudi mtamboni.

Nilimwambia msimamizi kuna kosa. Akaniambia mashine haikosei, imetoka ng'ambo.

Siku hiyo nyumbani kulikuwa na sherehe. Mama alitoa pemba, ule udongo mweupe ambao kwao humpaka mtu aliyefikiwa na neema, akampaka mdogo wangu mikononi na kifuani. Akachinja kuku na kumpa yeye firigisi. Majirani walikuja kumpongeza mke wake. Mimi nilipewa pole. Mama alinishika bega na kuniambia Mungu hanisahau, ghala nalo ni kazi. Mdogo wangu alikaa pale na pemba yake, anacheka macho yamefumba, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Tulikuwa tunamshangilia asiye na cha kushangiliwa, na hakuna aliyejua, hata mimi sikujua bado. Nilichojua ni kwamba nimekaa na kifua kile njiani mara nyingi mno kuamini kwamba ni kizima.

Nilimfuata faragha nikamwambia aende akapimwe mahali pengine.

"Yaya," akaniambia, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na hakuwa anatania, "mashine ya bazungu inasema niko muzima. We unataka nibakatale?"

Nikamuuliza ile simu anayoisoma njiani inasemaje. Akaniacha pale nimesimama. Tulikaa siku kadhaa bila kusalimiana.

Jambo baya ni kwamba aliamini. Kabla ya hapo alikuwa mgonjwa anayejificha, sasa akawa mzima anayejilaumu. Akikosa pumzi alisema ni uvivu, amenenepa, ingawa nguo zilikuwa zinamning'inia. Aliomba zamu za ziada. Alipoanza kuamka na midomo ya kijivu mke wake alimlazimisha kwenda zahanati ya kampuni, na daktari wa pale akafungua majibu, akasoma kwamba mapafu ni ya kawaida, akampa dawa ya kikohozi ya maji, ile ya watoto. Alirudi nayo mfukoni akiwa na aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi sisi tuliyapeleka maradhi mchana kweupe, tukayaweka mbele ya mashine, na mashine ndiyo iliyoyaficha.

Mimi huko ghalani kikohozi kilipungua. Nilikuwa nahesabu boliti na mikanda mahali penye hewa, nikaanza kulala vizuri na mashavu yakarudi. Wanawake wa mtaa walikuwa wakiniambia, "Tata, unanona!" Hapa hiyo ni sifa, na niliipokea kama sifa.

Watafiti walirudi kutueleza walichokiona. Walitukusanya katika ukumbi wa parokia, na aliyezungumza alikuwa daktari mwanamke, Mkongomani wa Kinshasa, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala na Kifaransa, lakini alijitahidi na tulimpenda kwa hilo. Alionyesha picha ukutani. Wageni walikuwa na hali fulani, wenyeji hali fulani. Akasema kwamba wafanyakazi weusi, ukiwalinganisha na kinachotarajiwa kwao, kwa jumla hawajambo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono, nikamuuliza kinachotarajiwa kwetu ni nini, na anayekitarajia ni nani.

Akasema ni swali refu, nimsubiri nje.

Tulikaa kwenye benchi karibu na bomba la maji. Alinieleza polepole, na nilimwona anavyochagua maneno. Mashine hailinganishi pumzi ya mtu na pumzi ya mtu yeyote. Inamlinganisha na watu wanaodhaniwa kuwa wa aina yake. Na ndani yake imewekwa hesabu inayosema mweusi kwa kuzaliwa ana pafu dogo kuliko mweupe. Kwa hiyo mweusi akitoa hewa pungufu, mashine inaona sawa, ndivyo alivyo. Mweupe akitoa hewa hiyo hiyo, inaona ni mgonjwa. Nikamuuliza nani aliyewaambia hivyo. Akasema ni vipimo vya zamani, vya watu weusi waliokuwa tayari wamefanyishwa kazi, wamelazwa njaa, wamevutishwa moshi na vumbi, halafu udhaifu wao ukaandikwa kuwa ndio umbile lao. Akasema siku hizi wengi wanalipinga jambo hilo na sehemu nyingine wameshaiacha hesabu hiyo. Lakini mashine waliyopewa ilikuwa nayo, nao wakaitumia ilivyo.

Nikamwambia, "Daktari, mimi na mdogo wangu ni wa mama mmoja."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamweleza yote, mtambo mmoja, vumbi moja, kimo kimoja, nesi na kicheko cha foleni. Akaufungua mkoba wake, akatoa kompyuta, akatutafuta. Kwanza akanibadilisha mimi, akaniweka mweusi. Nikapona. Kisha akamweka mdogo wangu mweupe, na mbele ya macho yangu akawa mgonjwa, tena mgonjwa kunizidi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Daktari aliweka mikono juu ya magoti.

"Nilisoma sana juu ya ubishi huu," akasema mwishowe. "Sikuwahi kukaa nao benchi moja."

Sikumchukia. Alitoka pale akaenda moja kwa moja ofisi za kampuni, akagombana nao, na akapata jambo moja: mdogo wangu apimwe upya, bila kuulizwa ngozi. Nilikimbia nyumbani kama mtoto. Nilidhani tumefika.

Tatizo ni kwamba wakati sisi tunabishana, kifua hakikungoja. Siku ya kipimo tulimkalisha kwenye teksi-moto, mimi nyuma yake nimemshika asianguke. Nesi alikuwa yule yule. Alimbana pua, akampa bomba, akaanza kelele zake, puliza, puliza, na sauti yake ikashuka katikati maana aliona. Mashine ile inataka pumzi ndefu, isiyokatika, mpaka mwisho kabisa, na isiingiliwe na kikohozi. Mdogo wangu alikuwa akianza, anakohoa, anakata. Skrini ikaandika kwamba kipimo hakikubaliki. Wakampumzisha, akajaribu tena, ikakataa tena. Akajaribu mpaka jasho likatona kidevuni. Mashine ambayo ilikuwa imeikubali pumzi yake alipokuwa na nguvu ya kuitwa mzima, sasa haikuitaka pumzi yake ya kuitwa mgonjwa.

Aliondoa mdomo wake kwenye bomba, akaniangalia, akajaribu kucheka.

"Yaya," akasema, "kuya unipulizie."

Daktari wa kampuni aliyekuwa amesimama mlangoni akasema bila kipimo kinachokubalika hawezi kubadilisha kitu. Apumzike kwanza, arudishe nguvu, halafu aje apulize vizuri. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiluba cha tata ambacho sikijui vizuri. Daktari wa Kinshasa alikuwa akilia kwenye korido na kupiga simu. Tukamrudisha mdogo wangu nyumbani kwa pikipiki ile ile.

Alifariki hospitalini mvua zilipoanza. Nilikuwa nimemshika mkono. Sina la kuongeza hapo.

Matanga tuliyaweka Dilala, nyumbani kwa mama, turubai na mikeka uani. Ndugu za tata walishuka kutoka kaskazini. Siku za kwanza walinikumbatia na kulia nami. Kisha nikaanza kuona ninapokaa watu wanasogea. Nikasikia mtu anasema nyuma ya turubai kikulacho ki nguoni mwako, nikafikiri anaisema kampuni. Nilikuwa mjinga. Baada ya mazishi wazee waliita kikao cha familia, na mdogo wake tata akasimama, akanitazama usoni, akauliza kwa upole.

"Banganga bo benyewe balisema huyu njo mugonjwa na mwenzake muzima. Njo balisema vile, wote tulisikia. Leo mugonjwa ananona, muzima tumemuzika. Pumuzi ya mutoto wetu ilienda wapi?"

Nikasimama kueleza. Nilianza na ngozi, nikaja kwenye hesabu, nikaja kwenye kidole. Na nilipokuwa nasema nilijisikia mwenyewe. Nilikuwa nawaambia watu waliofiwa kwamba kuna chombo cha wazungu kilichotutazama ngozi, kikaniambia mimi mgonjwa ili nipone, kikamwambia mwenzangu mzima ili afe. Mchawi aliyemla mtu pumzi angesema nini zaidi ya hayo? Nilimpigia simu daktari wa Kinshasa, nikaiweka sauti yake wote waisikie. Alieleza vizuri, akilia. Mzee mmoja akauliza huyo mwanamke ni nani kwangu. Nikakata simu.

Hawakunifukuza wala kunipiga. Walifunga mizigo yao na kuondoka bila kunipa mkono. Mama katika kikao chote hakusema neno. Mimi nilijipa moyo kwa hilo. Nilijiambia hao ni ukoo wa tata, wana uchungu, lakini mama anatujua, mama ametuona sisi wawili kila jioni na rangi moja ya vumbi.

Asubuhi ya siku walipoondoka aliniita jikoni. Alikuwa amesonga ugali na kupika sombe ya majani ya mihogo, sahani ilikuwa moja, na amenivutia kiti. Alikaa mbele yangu na akanitazama bila hasira yoyote.

"Batu benyewe banaenda," akasema. "Tunabakia sisi babili. Mi ni mama yako, mi sitakupeleka kwa mutu. Uniambie tu, mutoto wangu. Ulimukula sababu ya nini?"

Nikamweleza tena, tangu mwanzo. Nilieleza polepole kuliko daktari alivyonieleza mimi. Nilichukua mkono wake nikauweka kando ya wangu, nikamwambia, mama, angalia, ni ngozi tu, waliangalia hii tu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anavyomsikiliza mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nilipomaliza akautoa mkono wake taratibu, akaitikia kwa kichwa, akausukuma ugali kwangu.

"Nimekusamehe," akasema. "Ulibakia we moya tu. Kula."

Nilitaka kuinuka na kupiga kelele kwamba sikufanya kitu, sina cha kusamehewa. Nikamtazama, mwanamke mzee aliyemzika mwana na kuamua kumpenda aliyemuua. Nikala, kwa sababu kama ningeukataa ule msamaha angebaki bila mtoto hata mmoja.